Swali la Mtu wa Mwisho

Siku mbili baada ya Orest Hrycak kufukiwa na theluji, mji wa Kessler ulikuwa umeshakata shauri: kifaa ndicho kilichomuua. Kile kidude cha kufunga kifuani, kinachotuma ishara ili ukimezwa na theluji wenzako wajue ulipo, kilikuwa kimekufa kabla ya mwenye nacho. Walisema hivyo kwenye kituo cha mafuta, wakasema hivyo nje ya kanisa. Dale Fenske, mchomeleaji vyuma aliyekuwa naye mlimani siku hiyo, alisema kwa sauti kubwa kuliko wote.

"Haiwezekani awe amesahau kukirudisha kwenye kutuma," Dale alimwambia kila aliyesimama kumsikiliza. "Mimi ningesahau. Reg angesahau hata kuvaa suruali. Orest hapana, kwa sababu nyuma alikuwepo Luba. Na Luba huwa anauliza."

Hapo watu waliitikia kwa kichwa, maana kila mwenye pikipiki ya theluji pale mjini alijua kwamba Luba huwa anauliza. Luba mwenyewe, mdogo wake marehemu, mwanamke wa miaka hamsini na kitu mwenye mikono mipana ya mtu aliyekua akipasua kuni, aliyasikia maneno hayo akanyamaza. Watu walidhani ni uchungu. Ulikuwa uchungu kweli, lakini haukuwa peke yake.

Utaratibu ule aliuanzisha Orest, zamani, aliporudi kutoka kwenye mafunzo yaliyomtia hofu ambayo hakuikiri mbele ya watu. Kabla ya kupanda mlima, kiongozi hutangulia mpaka kona ya kwanza ya njia, akasimama, akakigeuza kifaa chake kiache kutuma ishara, kianze kuzitafuta. Wenzake wanapita mbele yake mmoja mmoja, taratibu, na kwa kila anayepita kifaa cha kiongozi kinalia. Kikilia, kidole gumba juu, pita. Kisipolia, rudi ukatafute betri.

Taabu iko kwa kiongozi mwenyewe. Akishawakagua wote, chake bado kinatafuta, na kifaa kinachotafuta hakitumi chochote. Akisahau kukirudisha, amewalinda wote akajiacha yeye. Ndiyo maana mtu wa mwisho kwenye msururu hapiti hivi hivi. Anasimama, anageuza chake kitafute, anamwuliza kiongozi: "Na wewe?" Mpaka asikie mlio, hakuna anayeondoka.

Mtu wa mwisho siku zote alikuwa Luba. Kwa miaka mingi swali lilikuwa limegeuka mchezo baina yao. Luba aliliuliza kwa sauti ya mama yao, aliyekuwa akiwapanga watoto mlangoni asubuhi za baridi kuona nani amejificha bila soksi. "Na wewe, bwana mkubwa?" Naye Orest, mtu mzima mwenye wajukuu, alijibu kwa kulialia, "Nimevaa, mama, nimevaa." Kisha anageuza swichi, kinalia, wanaondoka wakicheka ndani ya helmeti zao.

Mambo yaliharibika Ijumaa jioni, kwenye chakula cha klabu. Ukumbi ulikuwa umejaa mvuke wa pirogi, yale maandazi ya Kiukraine yaliyojazwa viazi, na wa vitunguu vya kukaanga, glavu zimeanikwa juu ya hita, na Orest alikuwa na bia kadhaa kichwani na watu wa kumsikiliza mbele yake. Vitu hivyo viwili vikikutana, mdomo wake ulikuwa hauna breki. Akaanza kusimulia jinsi Luba alivyokwama Jumapili iliyopita.

Kukwama si aibu. Mashine inazama mpaka usukani, mwenyewe unaichimbua. Na desturi ya Kessler ni moja: aliyekwama mlimani hafuatwi. Wenzake hukaa chini, pembeni, wakala mikate yao na kumzomea. Ukatili huo una sababu yake, kwani mteremko uliombeba mmoja huenda usiwabebe wawili. Ila ukiwa wewe ndiye unayechimba huku jasho likikugandia mgongoni, sababu hiyo huioni hata kidogo.

"Mara ya kwanza akachimba," Orest alisema, akiigiza kwa koleo la kufikirika. "Mara ya pili akachimba huku akimtukana aliyeiunda ile mashine. Mara ya tatu akamtukana na babu yake. Kwa Kiukraine! Sijui aliyatoa wapi, mama hakutufundisha yale."

"Alikufundisha wewe," Luba alijibu. "Mimi nilikuwa nasikiliza mlangoni ukichapwa."

Ukumbi ukaangua kicheko, na Luba akacheka nao. Lau Orest angeishia pale, leo tungekuwa tunasimulia habari nyingine.

"Basi nikamwambia Dale, tumpigie simu mumewe aje amchimbue." Orest akajigonga paji la uso. "Ah, nimesahau! Yule naye alishajichimbua zamani, yuko Vancouver."

Wawili watatu walicheka kabla ya kufikiri. Halafu kila mtu akawa anatazama sahani yake. Mume wa Luba alikuwa ameondoka mwezi wa kumi, na mji mzima ulijua ameondoka na nani. Luba alifuta mdomo, akachukua koti lake, akatoka. Nyuma yake alimsikia Orest akiita, "Luba, we, si utani tu," kisha akiwauliza wenzake, "Kwani nimesema nini?" Luba alimjua kaka yake. Alikuwa haulizi amesema nini ila anapokuwa anajua vizuri alichosema.

Usiku theluji ilianguka bila kukoma, na Jumamosi kukapambazuka anga safi, jua kali, baridi ya kukausha pua. Luba angeweza kubaki nyumbani. Alikwenda kwa sababu kubaki kungekuwa kukiri kwamba ameumia, na pia, tuseme ukweli, alitaka Orest aone waziwazi kwamba hasemeshwi.

Pale wanapoegesha pikapu na tela, Orest alimfuata akiwa amebeba mfuko mdogo wa turubai.

"Nimekuwekea chakula," alisema, akiufunga kwa kamba nyuma ya mashine ya Luba. "Soseji. Nimekata mwenyewe, kwa hiyo usiulize kuhusu vipande."

Luba alikuwa anakaza helmeti. 

"Mdogo wangu."

Luba akavaa glavu, macho pembeni.

"Haya, nuna. Ukinuna unafanana na shangazi Olha."

"Orest, mwache," Reg alimwambia. Reg alikuwa shemeji yake Dale, dereva wa magari ya magogo. "Utapigwa koleo leo, na mimi nitatoa ushahidi kwamba ulianza wewe."

Orest akacheka kicheko kifupi, akatoa simu, akawasomea taarifa ya mlima kama ilivyo kawaida yake. Hatari ya maporomoko, kiwango cha tatu kati ya vitano. Chini kuna lile tabaka la siku za baridi kavu za mwezi wa kwanza, theluji ya chembechembe zisizoshikana, kama sukari. Juu yake imelala theluji mpya, nzito, iliyosukumwa na upepo. Miteremko mikali inayopigwa na jua iepukwe.

"Tatu kati ya tano," Dale alisema. "Shuleni alama hiyo hiyo ilinipitisha."

Walicheka, na hilo ndilo kosa la watu wa Kessler, nalo ni la kwao hasa. Taarifa ikisema nne, wanabaki nyumbani wakitengeneza mashine. Ikisema tatu, wanaiona imekaa katikati, si haba, na wanawasha. Makaburi ya wapanda mlima pale mjini karibu yote ni ya siku za tatu.

Orest akatangulia mpaka kona ya kwanza. Akasimama pembeni ya njia, akafungua zipu ya koti, akakigeuza kifaa chake. Dale akapita, kikalia. Reg akapita, kikalia. Luba akaja wa mwisho, taratibu, akasikia chake nacho kikilia mle kifuani mwa kaka yake. Orest aliinua kidole gumba, akabaki akimtazama. Mkono mmoja ulikuwa umeshashika ukingo wa koti, mdomo umekaa tayari kulialia kama mtoto asiye na soksi. Alikuwa akisubiri.

Luba aliuona mkono ule, na mdomo ule. Alijua anachosubiriwa, na akaona kwamba kumwuliza vile, kwa sauti ile ya mama, kungekuwa ni kumsamehe, na yeye hakuwa amefika huko. Akakaza macho mbele, akabonyeza mafuta, akapita. Nyuma alisikia Orest akisema kitu, lakini injini ilikimeza. Muda mfupi baadaye Orest aliwapita wote kwa kasi ili ashike nafasi yake ya mbele, akiwa bado anahangaika na zipu kwa mkono mmoja.

Walipofika kwenye bonde wanaloliita Sufuria, walizima mashine pembeni, mahali salama, zikiwa zimeelekezwa chini. Kundi jingine lilikuwa limetangulia asubuhi ile. Mteremko ulikuwa na michirizi ya mashine tano au sita, inapanda, inageuka, inashuka.

"Umeshakaguliwa huo," Dale alisema.

Ni hapo Luba alipokumbuka, wazi kabisa, kama mtu anayekumbuka katikati ya safari kwamba hakuzima jiko. Sikumwuliza, alijiambia. Orest alikuwa hatua chache tu kutoka kwake, amekaa juu ya mashine, anakunywa kahawa kwenye kifuniko cha chupa. Maneno mawili tu, hata bila ile sauti ya mama. Angeweza kumwambia Dale amwulize.

Orest akageuka, akakutana na macho yake. "Kahawa?"

Luba akatazama pembeni. Atakuwa amekumbuka mwenyewe, aliwaza. Ni mtu mzima. Na aombe radhi kwanza.

Orest alimimina kahawa iliyobaki kwenye theluji, akavaa helmeti, akasema anapanda wa kwanza. Alipanda vizuri. Alikuwa na miaka karibu sitini na bado hapakuwa na mtu Kessler anayepanda kama yeye. Alipita mchirizi wa juu kuliko yote, akainamisha mashine ili ageuze, na Luba akaona ufa. Hakusikia chochote. Aliuona tu mstari mweusi ukikimbia juu ya Orest kutoka upande hadi upande, na mteremko mzima chini ya mstari ule ukaanza kutembea. Orest alikaza mafuta atoke kwa pembeni. Alikaribia kutoka. Kisha theluji ikamzunguka, ikamfunika, na ilipokoma kulikuwa na rundo lililotapakaa chini ya Sufuria, na kimya.

"Vifaa!" Dale alipiga kelele. "Geuzeni! Wote, tafuta!"

Waliingia kwenye rundo, watatu, wametawanyika, kila mmoja ameshika chake karibu na theluji, wanakwenda mbele wanakwenda pembeni. Luba aliisubiri ile sauti. Hapakuwa na sauti. Alikitikisa kifaa chake. Akatazama kioo kama kinawaka. Kilikuwa kinawaka.

"Mbona hasikiki?" Reg alilia. "Dale, mbona hasikiki?"

"Betri!"

"Ameweka mpya juzi, nilimwona!"

Luba alijua. Alitambaa akipapasa theluji kwa mikono. Wakaacha vifaa, wakaunganisha zile fimbo ndefu za kuchomea theluji. Usukani wa mashine ulikuwa umechomoza, wakaanza pale, wakachoma, wakasogea, wakachoma. Fimbo ikigonga mwamba mkono unajua. Ikigonga gogo mkono unajua. Walichoma mpaka jua likapita juu ya vichwa vyao, mpaka fimbo ya Reg ikagusa kitu kilichokuwa kigumu na laini kwa pamoja, na wote watatu wakaangukia makoleo.

Dale alifikia uso. Luba alifikia kifua. Alifungua koti ili waanze kumsukuma moyo, na pale, juu ya sweta aliyoifuma Noreen, mkewe, kifaa kilikuwa kinawaka vizuri kabisa. Kilikuwa kinatafuta. Muda wote ule Orest alikuwa chini akiwatafuta wao.

Luba akakizima. Aliyepatikana huzimwa kifaa chake, ndivyo kazi inavyofanywa, ili kisiwachanganye wanaotafuta wengine. Dale, macho yakiwa kwenye uso wa Orest, hakumwona akikizima. Helikopta ya waokoaji ilipokuja iliwakuta bado wanamsukuma moyo kwa zamu, ingawa kila mmoja wao alishajua.

Hivyo ndivyo mji ulivyopata habari yake ya kifaa kibovu. Hakuna aliyeitunga. Dale alikisikia kifaa kikiwa kimya, akakiona kikiwa kimezimika, akajumlisha. Luba hakudanganya mtu. Alikaa tu kimya, na ukimya wake ukafanya kazi iliyobaki.

Siku ya tatu Noreen alimwita jikoni kwake. Noreen aliendesha basi la shule, na alikuwa na ile sauti tulivu ya mtu aliyezoea kusikilizwa bila kupaza. Meza ilikuwa imejaa vyakula vya majirani, sahani juu ya sahani, hakuna kilichoguswa.

"Keti, wifi. Dale ametoka hapa sasa hivi. Anataka kesho kwenye mazishi asimame aseme habari za kile kifaa. Watu watupe walivyo navyo."

"Watupe?"

"Ndivyo anavyotaka. Nimemwambia aseme tu." Noreen alikuwa anapanga vijiko bila sababu. "Nikwambie kitu? Imenisaidia. Chombo kikiharibika, kimeharibika. Huna wa kumchukia. Miaka yote hii sikuwahi kumzuia kwenda, unajua kwa nini? Kwa sababu wewe ulikuwa nyuma. Nilikuwa nasema, Luba yuko pale, atamwuliza. Nilikuwa nafua nguo zangu kwa amani."

Luba aliutazama mlango. Hakuna ambaye angejua. Dale angesema yake, mji ungeendelea kumhurumia, na Noreen angefua nguo zake kwa amani. Ila watu watatupa vifaa vizima, na msimu haujaisha.

"Sikumwuliza," alisema.

Vijiko vikasimama.

"Kifaa kilikuwa kizima, wifi. Kilikuwa kinatafuta. Mimi ndiye niliyekizima. Pale kwenye kona alinisubiri nimwulize, nikampita. Nilikuwa nimemnunia." Akamtazama Noreen usoni. "Na kule juu nilikumbuka. Nilikumbuka, Noreen, na bado sikusema. Nilitaka aniombe radhi kwanza."

Noreen aliviweka vijiko chini. Friji ikaanza kuunguruma, ikaacha.

"Kwa ajili ya maneno ya Ijumaa," alisema mwishowe.

"Ndiyo."

"Nilimwambia usiku ule ule. Nikamwambia Orest, yale hayakuwa maneno ya kumwambia dada yako, kesho umwombe radhi. Alfajiri nikamkuta hapa hapa, na pajama, anakata soseji. Nikamwambia, baba, radhi huombwa kwa mdomo, si kwa mkate. Unajua alinijibu nini?" Noreen alitabasamu na machozi yakamshuka. "Akasema, 'Luba haombwi radhi, analishwa. Wewe ngoja. Tukifika kwenye chakula cha mchana atakuwa ananitukana vizuri tu.'"

Luba alifunika uso kwa mikono yake mipana, akalia kwa sauti. Noreen hakumshika. Aliinuka, akatoka kwa mlango wa nyuma bila koti, kwenye banda ambako Dale alizilaza mashine zote mbili, ya Orest na ya Luba. Aliporudi alikuwa na mfuko wa turubai, umeganda, kamba bado ina fundo la Orest. Akalikata fundo kwa kisu. Akaufungua mkate kutoka kwenye karatasi, mgumu kama jiwe, akauweka kwenye kikaango kikavu, akawasha moto mdogo, na wote wawili wakakaa wakiutazama ukiyeyuka.

"Sijui kama nitakusamehe," Noreen alisema, bila ukali. "Leo siwezi. Labda mwakani, labda siwezi kabisa. Ila kesho utasimama wewe, si Dale, na utawaambia ulivyoniambia mimi."

"Nitawaambia."

"Na hiki hakikuwa changu." Akausukuma mkate mbele yake. "Kula."

Luba akala. Vipande vilikuwa vinene upande mmoja na vyembamba upande mwingine, kama alivyokata vitu tangu utoto. Chini ya soseji kulikuwa na mzizi mkali wa kukwaruza, wa kizamani, kama wa mama yao, ambao Orest aliuchukia kuukwaruza kwa sababu ulimliza. Ulipanda puani mwa Luba, ukamjaza macho. Akang'ata tena, na hasira yote ya Ijumaa ikamtoka pale pale, kwenye mng'ato wa pili, kama Orest alivyojua ingemtoka.